Ruhusa ya Kubomoa

Garsen, Jumanne, Novemba 1957

Ruhusa nimeipata asubuhi, jioni nimenyang'anywa.

Bwana Shauri, afisa wa serikali wa wilaya, alikuja mwenyewe kuikagua nyumba yangu. Aliugusa ukuta tu, udongo ukamwagikia viatu vyake. Gerejini kwangu, pembeni mwa nyumba, akaona paa limeinama. "Bomoa nyumba na gereji, mzee," akasema, "kabla hazijaua mtu." Nikashukuru.

Kisha mvua ikashuka, barabara ya Malindi ikafungwa. Akaliingiza gari lake gerejini. "Usibomoe kwanza, ngoja njia ikauke." Askari wake wakaleta nguzo mbili, wakalitegemeza paa juu ya gari.

Nyumba haikupata nguzo. Nimechoka hata kubishana.

Watoto nimewahamishia gerejini, walale kando ya gari lake. Huko angalau paa limeshikwa.