Ubwabwa wa Kuacha Pombe

Kilindoni, Mafia

Kaka Evarist,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, joto tu ndilo linanimaliza. Miguu ya Mama inaendeleaje? Na ini lako linasemaje? Nimeamua kuandika, maana nikikupigia simu jioni hunisikii, na asubuhi hukumbuki tulichoongea.

Mwezi uliopita sisi wauguzi tulitumwa vijijini kutoa elimu ya pombe. Nikapangiwa Jibondo, kisiwa cha mafundi wa mashua, Waislamu watupu, bia hata ya dawa sikuiona. Lakini agizo ni agizo. Nikavuka na bango langu lenye jedwali la nchi: hawa wanakunywa bia kiasi gani, na pombe inaua wangapi. Akina mama wakakaa mkekani wakanisikiliza kwa adabu zote.

Nikawaambia Wacheki wa huko Ulaya ndio vinara wa bia duniani. Bi Mwanaidi, mkulima wa mwani, akanyoosha mkono.

"Basi hao ndio wafao zaidi?"

Nikatazama jedwali, ikabidi niwaambie ukweli: wapi! Waliowapita kwa vifo ni watu wa pombe kali, wale wanaokunywa kwa kukomoa.

"Ee mwanangu! Umevuka bahari kuja kutwambia Mcheki hafi? Sisi hapa hata maji twaletewa kwa mashua, hiyo bia tungeipatia wapi?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikapandwa na hasira, jedwali nikalitupa pembeni. Nikasema nina kaka yangu kule Rombo, bia kwake ni ya kunawia mikono tu, mlo wenyewe ni gongo, hiyo hiyo pombe kali, na daktari amemwambia ini limevimba. Nikajikuta nalia mbele za watu.

Kicheko kikakatika. Bi Mwanaidi akauliza jina lako na la Mama, viganja vikainuliwa, ukaombewa dua, Kaka, wewe na ubatizo wako.

Tangu siku hiyo sina raha. Kila mtu wa Jibondo akija zahanati, hata wa kung'oa jino, anaanza na wewe: "Nduguyo vipi, bado?" Wiki iliyopita nikachoka kuaibika, nikajibu, "Ameacha."

Sikujua hawa watu walivyo. Ijumaa nikaitwa Jibondo. Wamepika ubwabwa wa sadaka, sinia kwa sinia, kumshukuru Mungu kwa kuwa umeacha. Bi Mwanaidi akanimegea samaki mnono: "Kula mwanangu, kakako kapona." Nikala. Nikaongezwa, nikala tena.

Nisalimie Mama, na shemeji anayekuvumilia. Baba mdogo, yule anayekununulia glasi ya kwanza, mwambie salamu zake hazikufika.

Kaka, watu wameshapika, wameshashukuru, nami nimeshakula. Kilichobaki ni wewe kuacha. Nakuomba, nisije nikagundua kwamba ule nilioula ulikuwa ubwabwa wa matanga yako.

Mdogo wako akupendaye,
Felista