Tarakimu Zilizogeuka

Jumatatu, 3 Mei
Nimewasha seva saa mbili kasoro, kama kila siku. Diski inakwaruza. Wiki iliyopita ilikwaruza kidogo, leo mfululizo.
Mashine ya mtumba hii, wafadhili walituletea miaka miwili iliyopita. Prosesa yake, yaani ubongo wake, sijaiona kwingine. Ndani yake wamo wagonjwa wote wa kifua kikuu wa hospitali yetu na zahanati za milimani: nani ameanza dawa lini, amebakiza miezi mingapi. Nakala nyingine hakuna.
Ofisi ya mkoa, Tanga, wametuma kompyuta mpya na CD ya programu ya nakala rudufu. Nikaiweka CD kwenye seva. Imekataa. Aina ya mashine haitambuliki. Nimejaribu mara nne, jibu lile lile.

Jumanne, 4 Mei
Nimempigia Mushi, fundi wa Tanga.
“Dada Hadija, mashine yenu haimo kwenye orodha. Itupeni, mmeshapata mpya.”
“Na wagonjwa walio ndani, nao niwatupe?”
Akasema atatuma programu ikiwa bado maandishi matupu, haijafanywa ya mashine yoyote, niijenge mwenyewe humu humu kwenye seva. Yeye hawezi kupanda. Kifusi kimefunga barabara chini ya Soni.
Naogopa. Mimi ndiye niliyemwambia daktari kiongozi kuwa kuandika mara mbili, kwenye rejista na kwenye mashine, ni mambo ya kizamani. Rejista za Mzee Shemdoe, karani wetu wa wagonjwa, zikafungwa. Alikuwa ameziandika kwa mkono miaka ishirini. Siku ile hakubisha. Alifunika kalamu yake tu.

Alhamisi, 6 Mei
Disketi za Mushi zimefika. Nesi Grace, akitoka likizo, amevuka kifusi kwa miguu, viatu mkononi, disketi zimefungwa kwenye mfuko wa sukari. Nimeanza kujenga. Makosa ukurasa mzima. Mvua.

Ijumaa, 7 Mei
Saa nne asubuhi programu imekubali. Ilikuwa na sehemu mbili zinazodai prosesa ya kawaida, nimeziandika upya. Nakala imeanza kuhama. Nimekaa naitazama kama mtu anayeuguza. Saa kumi imemaliza. Daktari kiongozi amenipa mkono. Nimefurahi, sikatai.

Jumamosi, 8 Mei
Sikupaswa kufurahi. Nimefungua nakala kwenye kompyuta mpya. Majina sawa, vijiji sawa. Tarakimu zimeharibika. Bi Zuhura wa Mlola, aliye mwezi wa tano wa dawa, anasomeka yuko mwezi wa 83,886,080.
Baada ya saa nzima nimeelewa. Nakala ni nzima. Seva yetu huandika namba ikianzia upande mmoja, kompyuta mpya huisoma ikianzia upande wa pili. Inabidi niandike programu ndogo ya kuzigeuza namba bila kugusa majina. Jumatatu nitalinganisha na seva.

Jumatatu, 10 Mei
Seva haikuwaka. Diski imekwaruza mara moja, kimya.
Nimekaa sakafuni.

Jumanne, 11 Mei
Programu ya kugeuza imekwisha. Bi Zuhura amerudi mwezi wa tano. Lakini wengine nitajuaje? Cha kulinganishia hakipo tena.
Mzee Shemdoe ameingia ofisini, mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Nimempa shikamoo, nimemweleza. Amesikiliza hadi mwisho.
“Kila mgonjwa ana kadi yake nyumbani,” akasema. “Chapa majina ya Mlola. Kesho twende tukazisome.”

Jumatano, 12 Mei
Mlola. Tumepita nyumba kumi na tatu. Mzee anasalimia kwa Kishambaa, mimi nasoma kadi na orodha. Nyumba kumi na mbili zimekubaliana na orodha, tarehe hata mwezi. Nilikuwa natembea mwepesi.
Nyumba ya mwisho ni ya Athumani, mkulima wa kabichi. Orodha inasema: mwezi wa saba, anaendelea. Mkewe ametuletea kadi. Alama za dawa zinaishia mwezi wa pili.
“Alifariki Ramadhani,” akasema. “Dawa zilimchosha, akashindwa kuja kuzichukua. Nikamwambia tutafute gari. Akasema ngoja, mzee wa hospitali atakuja kuuliza. Zamani mtu akikosa wiki mbili mlikuwa mnakuja.”
Mzee Shemdoe ametazama chini.
Namba haikugeuka vibaya. Imehama salama kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye seva. Programu ya kuhesabu miezi niliiandika mimi, na inamwongezea kila mtu mwezi mmoja kila tarehe mosi, awe amekuja au hajaja. Rejista ya Mzee ilikuwa na nafasi tupu pale mgonjwa asipokuja, naye akiona nafasi tupu alivaa koti na kumfuata nyumbani. Mashine yangu haikuacha nafasi tupu.
Nimemwambia mama yule kosa ni langu. Sikujua niseme nini kingine. Ameichukua kadi, akairudisha ndani.

Alhamisi, 13 Mei
Nimemweleza daktari kiongozi yote, kwa maandishi, na jina langu chini. Ameisoma mara mbili. Tutapita kwa kila mgonjwa, kijiji kwa kijiji. Sehemu ya kuhesabu miezi nimeifuta.

Jumapili, 16 Mei
Nimerudi Mlola peke yangu, si kwa kazi. Mke wa Athumani alikuwa anapalilia. Nimeomba jembe la pili. Akanitazama kidogo, akaingia ndani kulichukua. Tumelima matuta matatu bila kusema mengi. Tulipopumzika aliniuliza watoto wangu ni wangapi. Nikamwambia wawili. Akasema wake wanne, mdogo alianza kutembea mwezi uliopita.