Chiriku Wangu na Shakwe wa Kapteni

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili mchana

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu. Natumaini kifua cha shemeji kimepoa na wale mapacha hawajakupandisha presha. Huku sote tu wazima wa mwili, ila mimi nimejaa hadi kooni, nivumilie niyatoe.

Unajua tangu tumzike baba, mama alikuwa hajatamka neno. Daktari alisema koo lake halina kasoro, tumpe muda. Nikamletea chiriku kwenye tundu, nikamtundika dirishani kwake. Ndege msafi, anakula mtama, anaoga kwenye kisosi, na asubuhi anaimba hadi unasahau shida. Mama akaanza kugeuza shingo kumsikiliza. Nikajua bado kidogo tu.

Basi kaka yetu Kapteni, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, akarudi kutoka kwenye ghala la samaki anakotengeneza majokofu, amekumbatia shakwe aliyeumia bawa. Nikamwambia huyo ni ndege wa bahari, si wa sebuleni. Akanijibu kwamba ndege ni ndege.

Dada, nani kasema? Huyu ana miguu ya bata na mdomo kama koleo. Anameza samaki mzima, akikasirika anamtapika zuliani. Puani anadondosha maji ya chumvi. Kuimba hajui, anapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Chiriku wangu akanywea, akanyamaza kabisa. Nikaona kazi yangu yote imekwenda na maji.

Juzi uvumilivu ukanishinda. Nikachukua kikapu nikamtoe yule shakwe. Nikamkuta mama kasimama sebuleni, mkono kiunoni, shakwe anamvuta nguo. Sauti ikamtoka, imekwaruza, nzito:

"Hebu nyamaza wewe. Umeshakula."

Nilikaa sakafuni nikalia. Tangu hapo anamgombeza shakwe kutwa, vile vile alivyokuwa akimgombeza baba. Mimi nikimsemesha, ananiitikia kwa kichwa. Miezi yote nambembeleza kwa nyimbo, kumbe alitaka mtu wa kugombana naye! Kapteni anatembea kifua mbele, na mwenye kusugua zulia ni mimi.

Sasa bawa limekaribia kupona. Kapteni anasema tumrudishe baharini. Na kinachoniudhi kuliko vyote, Dada, ni kwamba mimi ndiye ninayemsihi asubiri kidogo.

Nisalimie shemeji, mapacha, na mama mkwe wako mcheshi. Mungu awatunze, awape usingizi mtulivu.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Kitindamimba