Namba Saba, Umefika?

Wewe, shika simu!

Kile kikompyuta changu cha kunasia mawasiliano ya redio, ulichokicheka kwa antena yake ya henga ya nguo, leo kimekubali. Nikaangukia masafa ya magari ya wagonjwa, kituo kilekile alikokuwa dereva marehemu baba.

Zamu inaisha, dada wa kituoni anaita madereva kwa namba zao, kuhakikisha wamefika salama. "Sita, umefika?" "Nimefika."

Kisha: "Saba, umefika?"

Saba ni baba! SABA NI BABA, na tulimzika mwaka jana!

Nikajipa moyo, labda ndivyo wanavyomuenzi. Wataita tu, kimya, waende Nane.

Sauti ikajibu: "Nimefika."

Sauti ya mwanamke. Hiyo ndiyo iliyonilea, wewe.

Mama yuko chumbani, kajifungia. Na ile simu ya upepo ya baba, mama alituapia kwamba aliirudisha kituoni!

Dada akamwambia, "Haya mama, pumzika." Kama watu waliozoeana.

Sasa hivi ametoka, macho mekundu. Kasimama mlangoni kwangu: "Hicho kidude chako bado hakijashika kitu?"

Nimemjibu, "Bado, mama."