Saa ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Yule kitinda mimba ameshaacha kunyonya kidole? Mimi mwili mzima. Mengine ndiyo yaliyonikalisha kuandika, maana kwenye simu ningelia tu.

Hapa kwenye kiwanda cha mikate mimi ni yule wa kompyuta. Wananipungia mkono mlangoni, wanapita, basi. Majuzi shule moja ililalamika kwamba mikate ilichelewa, na meneja akaniagiza nitoe taarifa ya dereva anayeipelekea mikate, tunayemwita Mzee Breki kwa jinsi anavyojikokota barabarani. Nikaiuliza hifadhidata yetu, inayotunza saa ambazo magari yanafika kwa wateja, ikajibu kuwa anachelewa kwa saa mbili nzima. Tena kila siku! Meneja akamsimamisha kazi papo hapo.

Mzee alinijia ofisini, kofia mkononi. Hakufoka. Alisema kama angechelewa hivyo kila siku, wale watoto wangekuwa wameshamla yeye. Nikacheka, kisha nikaona mwenyewe hacheki. Akaniambia analea wajukuu peke yake, na kwa umri wake nani atampa usukani tena.

Alipoondoka nikaazima kompyuta ya mhasibu, nikauliza swali lilelile, neno kwa neno. Loo! Ikajibu kwamba mzee anafika kwa wakati, isipokuwa siku ile moja ya malalamiko. Jasho likanitoka. Hifadhidata inatunza wakati sawasawa, ila inauonyesha kwa kufuata saa ya kompyuta inayouliza. Ratiba ya mikate imeandikwa kwa saa za huku, na kompyuta yangu haikuwa kwenye saa za huku.

Dada, ilikuwa kwenye saa za kwetu, zilizotangulia za huku kwa saa mbili. Niliiweka hivyo mwenyewe nilipohamia, nijue mama ameamka nimpigie kabla hajaenda bustanini. Tulipomzika sikuirudisha. Kila asubuhi bado naitazama: sasa anafagia uwanja, sasa anabandika chai. Nikaendelea hivyo mpaka nikataka kumkosesha mtu riziki yake.

Nilimwendea meneja nikamweleza yote, hata hili la mama. Alinifokea, halafu akachukua simu kumwita mzee. Mzee Breki amerudi kazini. Nilipomwomba radhi alisema yamekwisha, akaniuliza kama nimekula. Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu nifike huku. Nilikwenda chooni nikalia.

Kompyuta nimeibadilisha. Ikifika ile saa ya mama, sasa kiooni naona saa za kazi tu. Nakuomba kitu kimoja, dada. Asubuhi simu ikilia mapema, usishtuke, ni mimi, na sina habari yoyote. Pokea, uiweke karibu, uendelee kufagia nikusikie.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
wa kompyuta