Bahasha ya Lyle

Kijijini, Mto Skeena
14 Aprili 2002

Mpwa wangu Lyle,

Salamu nyingi kutoka huku. U hali gani, na kazi inaendaje? Sisi wazima, ila goti langu linanitangazia mvua kabla ya redio. Mama yako Nettie anauliza kama bado unakula samaki wa kopo kama mtu asiye na kwao.

Najua na wewe umeletewa ile bahasha ya serikali. Maswali manane kuhusu ardhi yetu sisi wenyeji wa asili na mikataba yetu, ndiyo au hapana, na wa kujibu ni jimbo zima, hata aliyehamia juzi asiyejua mto wetu unaelekea wapi. Sisi wakuu wa nyumba zote za koo zetu tumekubaliana asipige mtu kura, hata ya hapana. Mtu akikuuliza kama mama yako ni mama yako, ukimjibu tu umeshampa nafasi ya kubisha.

Nitumie ya kwako bila kuifungua. Mwezi ujao tunafanya karamu ukumbini. Kila jina litaitwa, bahasha yake itaingia motoni, na wageni wa koo nyingine watalipwa kushuhudia, kama desturi ilivyo. Usinicheleweshee. Kabla ya theluji nataka kukuvisha jina langu la ukuu mbele ya watu haohao, na nyumba yetu lazima itoke kamili.

Mjomba wako,
Wilmer

Vancouver
2 Mei 2002

Shikamoo mjomba,

Pole na goti. Mimi sijambo, kiwanda cha mbao kinatutoa jasho lakini tunapumua. Mwambie mama samaki wa kopo nimeacha, sasa nakula mayai.

Bahasha ni hii, imo humu ndani. Pale penye jina pamechanika kidogo. Wasambaza barua wa huku hawana adabu. Wasalimie wote. Habari ya jina imenifurahisha mno, sijui hata niandike nini.

Mpwa wako,
Lyle

Kijijini
16 Mei 2002

Mpwa wangu,

Marahaba. Ungekuwepo! Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakapakatwa. Watu wa ukoo wa Chura walikaa upande wao, nasi Mbwa-mwitu tukawahudumia supu, samaki mkavu na yale matunda pori yanayopigwa mpaka yakatoa povu, unayoyaonea kinyaa. Nikaita majina ya nyumba yetu moja moja. La kwako niliita la mwisho.

Bibi Adeline wa ukoo wa Chura alisimama na fimbo yake akasema, "Nimeona ya Lyle ikiungua. Nitasema hivyo mpaka nizikwe." Tukamlipa sukari na blanketi, akavibeba mwenyewe. Kesho yake nikahojiwa redioni, nikasema katika nyumba yangu hakuna mkono hata mmoja uliogusa kura ile. Mama yako alilia jikoni kwa furaha, akasingizia vitunguu.

Mjomba wako,
Wilmer

Vancouver
21 Julai 2002

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi mwili mzima, roho siyo. Umeniandikia mara mbili tangu karamu na sijajibu. Ile ya pili naona aibu hata kuifungua.

Bahasha uliyoichoma haikuwa yangu. Ilikuwa ya mpangaji aliyehama chumba hiki kabla yangu, nami nikabandua jina lake. Yangu nilikuwa nimeshaitia posta kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilipiga kura, mjomba.

Siku ile Gord, msimamizi wetu, aliniuliza mbele ya wenzangu, "Sasa Lyle, tukishawapigia kura mtabaki na nini?" Wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikaweka Hapana mara nane, nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Niliona nimepigana. Hata Gord nilimwambia, kwa majivuno.

Sasa matokeo yametoka. Waliorudisha karatasi hawakufika nusu, na wengi wao wamesema Ndiyo kwa serikali. Gord akanipiga begani akasema, "Pole, bwana. Lakini si mlishindana na mkashindwa? Wewe mwenyewe ulipiga." Hapo ndipo nilipokuelewa.

Ningekuambia mapema ungenigombeza, yakaisha. Lakini nililitaka lile jina. Sasa Bibi Adeline anazunguka na uongo wangu akidhani ni ushahidi, nawe umeusema redioni. Nisamehe. Jina mpe mwingine.

Mpwa wako,
Lyle

Kijijini
6 Oktoba 2002

Mpwa wangu Lyle,

Marahaba. Huku wazima. Msimu wote wa kukausha samaki sikuongea na mtu vizuri, mpaka mama yako akaniuliza kama nimemeza mwiba. Nikamsomea barua yako. Hakusingizia vitunguu safari hii.

Nilikukasirikia, sikufichi. Halafu ikabidi nijikasirikie na mimi. Nilipoishika bahasha yako ukumbini, kidole changu kilipita pale ulipobandua jina. Nilijua pana jambo. Lakini watu walikuwa wakitazama, nami nilitaka nyumba itoke kamili, nikaliita jina lako kwa sauti kubwa kuliko mengine yote.

Kwa hiyo wa kuosha aibu hii ni wawili. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tutawaita mashahidi walewale, tuwalishe na kuwalipa upya, niseme mbele yao kwamba nilichowapa wakumbuke hakikuwa kweli. Bibi Adeline nilimwendea nyumbani kwanza. Alisema, "Wilmer, umri wote huu, leo umenifanya mwongo." Niliondoka bila kunywa chai yake.

Jina sijampa mtu, wala wewe sikupi ahadi tena. Nalo linaweza kungoja. Ila uje. Usitume mtu wala kitu. Kila shahidi umpelekee bakuli lake la supu kwa mkono wako, uanze na Bibi Adeline, na umwambie kwa kinywa chako. Mama yako amekuwekea kiti karibu naye.

Mjomba wako,
Wilmer

Vancouver
15 Oktoba 2002

Shikamoo mjomba,

Nimepata ruhusa kazini. Basi litanifikisha Ijumaa ya kuamkia karamu, nije kusaidia kumenya viazi.

Mwambie mama nashukuru, lakini kile kiti akiondoe. Mgawa supu hakai. Nitasimama mpaka Bibi Adeline amalize kula, kama atakubali kulipokea bakuli.

Mpwa wako,
Lyle