Orodha Uliyoipeleka Bungeni

Toongabbie, Sydney

Mdogo wangu Mwakio,

Pokea salamu za dadako, ingawa leo zimechanganyika na hasira na sitazitenganisha. Mama anaendeleaje na lile goti? Dawa ya kupaka niliyoituma imefika, au ingali imekwama posta? Mkeo na watoto natumaini hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili. Mji bado umefungwa kwa korona, mipaka nayo imefungwa, ila sisi tunaowahudumia wazee tunaruhusiwa kwenda kazini na kurudi. Napimwa pua kila baada ya siku tatu, hadi imezoea. Wiki iliyopita tulimpoteza mzee mmoja niliyekuwa nikimnyoa ndevu, na wanawe walimuaga wakiwa nje ya dirisha.

Sasa tuje kwa lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia tena.

Wewe mwenyewe ulituandikia kwenye grupu ya familia: leo nachangia hoja, mnitazame. Nikakutazama. Kikao chenu cha asubuhi huku ni jioni; nilikuwa nimetoka zamu, nimeketi kwenye benchi la stesheni na barakoa yangu. Ukasimama katika bunge la kaunti na tai yako nyekundu, ukaunga mkono hoja ya kuitaka nchi iitishe mkutano mkuu wa kuandika upya katiba. Sina ugomvi na hoja yenyewe. Mwenzako alisema katiba tuliyo nayo haijatekelezwa hata nusu, wewe ukamjibu bila kusoma karatasi, na nilifurahi. Kisha ukasema wananchi wa wadi yako wameketi barazani, wamejadili, wamekubali, na majina yao yako kwenye ripoti. Nilijivuna, Mwakio. Nilimwonyesha hadi Espérance, Mrundi ninayefanya naye kazi, nikamwambia huyu ni damu yangu.

Jioni ya pili yake ukatutumia hiyo ripoti. Nani husoma viambatisho? Mimi husoma, maana kazini nimezoea kusoma faili ya mgonjwa hadi ukurasa wa mwisho. Jina la kwanza, Mama. La pili, mchungaji. Kisha mzee wa kanisa, kisha wale vijana wanne waliochimba kaburi, wote kwa mpangilio uleule. Jina la mwisho lilikuwa langu, na kwenye safu ya kijiji imeandikwa "Australia". Hata aliyenakili hakushtuka.

Orodha ile unaijua na mimi naijua. Ni ile ambayo afisa wa afya alitaka iandikwe siku mlipomzika Baba, kila anayeingia uani aache jina na nambari ya simu, ili mmoja akiugua wengine watafutwe. Shangazi Wakesho ndiye aliyeniandika. Alikuwa amenishikia simu nione, na mengi niliyoyaona ni viatu vya watu na udongo. Akaniambia, "Mwanangu, nimekuandika na wewe, usije ukasema hukumzika babako." Maneno hayo yalinibembeleza mwezi mzima. Na karatasi hiyo ndiyo uliyoipeleka bungeni.

Nilipokupigia ulicheka.

"Dada, usiikuze hii maneno. Kamati ilitaka majina kesho yake, na korona imekataza mabaraza. Ningetoa watu wapi?"

"Kwa hiyo baraza halikuwapo?"

"Hao ni watu wangu, nawajua. Ungewauliza, wangekubali tu."

"Mama umemuuliza?"

Ukasema mtandao unakatika. Haukukatika. Nilikuwa nakusikia ukipumua.

Hukumuuliza Mama kwa sababu unajua angekujibu nini. Alipanga foleni tangu alfajiri kuipigia kura katiba hii mnayotaka kuiandika upya, na Baba aliijalidi nakala yake kwa karatasi ya kalenda, akawa anamsomea yeyote mwenye swali la shamba. Hao ndio watu ambao hukuona haja ya kuwauliza. Wangekataa, au wangekubali, lakini wangekuwa wamesema wao. Umewasemea watu wazima kama watoto wa chekechea, tena kwa karatasi ya msiba, na unaniambia nisiikuze.

Nikamweleza Espérance jikoni kazini. Hakushangaa. "Mimi niliyaona hayo kambini, dada," akasema. "Wanakuandika kwa liste moja, unajikuta kwa ingine." Nikaona haya, maana juzi tu nilikuwa nikijigamba.

Na usidhani sina ushahidi. Huku huingii popote bila kuskani kwa simu ule mraba wa mlangoni, unaoweka kumbukumbu ya saa uliyoingia. Alhamisi ambayo ripoti yenu inadai nilikuwa barazani, simu yangu inaonyesha niliingia kazini saa moja asubuhi, na saa kumi nilikuwa duka la Wahindi nikinunua unga.

Spika alisema kura ni Jumanne ijayo, ndiyo maana barua hii nakutumia picha yake kwa simu, posta haitawahi. Kabla ya kura, simama palepale uliposimama, useme orodha ile ni ya mazishi na uiondoe. Hoja ipite au ianguke, shauri yenu. Watakucheka, na huenda wakakutoa kwenye kamati. Wacha wakutoe. Mwaka ujao utarudi kuomba kura kwa watu haohao, na mficha uchi hazai.

Mpe Mama salamu zangu, na umweleze haya kwa mdomo wako kabla hajayasikia kanisani. Msalimie Shangazi Wakesho, na umwambie yeye hana kosa. Wasalimie wale vijana wanne, umewakosea pia.

Barua ya karani wa bunge nimeshaiandika. Sijaituma, nangoja Jumanne nione kama bado una haya. Lakini ujue imenigharimu nini. Ili nikanushe baraza lako, imenibidi niandike kwa mkono wangu kwamba siku jina langu lilipoandikwa, mimi nilikuwa Sydney. Duniani nilikuwa na karatasi moja tu inayosema nilimzika Baba, na wewe umenifanya niikane.

Ni mimi dadako,
Mghoi